Wachuma Chai Wenye Shahada

Nchi yetu ipo, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mchora ramani alifika mpakani, akaambiwa aandike barua ya kuomba kuingia, na mpaka leo anasubiri majibu. Sisi tuliomo ndani tunaendelea vizuri. Tuna Rais, tuna wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na tuna Wizara ya Mapato Sawia, ambayo kazi yake ni kuhakikisha hakuna mwananchi anayempita mwenzake kipato bila sababu ya maana.

Wizara hiyo iliunda tume na kuipa swali moja tu. Kwa nini mfanyakazi wa benki, wa mafuta na wa bandari anapata mshahara wa kumtosha yeye, familia yake na mbwa wake, wakati mchuma chai anapata wa kununulia chumvi? Wajumbe walifanya utafiti kwa miaka miwili katika hoteli moja ya ufukweni. Walirudi wamenenepa, na jibu wanalo. Waziri, Mheshimiwa Profesa Dismasi Lyambwene, alilisoma redioni kwa sauti ile anayoitumia kwenye misiba ya kitaifa.

"Ndugu wananchi, mshahara hauna kosa. Tumeukagua mbele na nyuma, hauna kosa hata moja. Kosa ni elimu. Wanaolipwa vizuri wana shahada, wanaolipwa vibaya hawana. Kwa hiyo Serikali yenu sikivu imeamua kwamba kila mfanyakazi wa sekta za chini atapewa shahada ndani ya wiki sita. Pengo litazibwa!"

Nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu chumbani, lakini nilipiga.

Naitwa Ambilikile, karani wa mizani katika Shamba la Taifa la Isyombe. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti na kupima majani yanayoletwa na wachumaji, wanawake mia tatu na kumi na wawili. Mchumaji akileta kilo ishirini, natoa kilo mbili za kikapu, halafu natoa kilo moja ya umande. Kilo ya umande hutolewa hata kiangazi. Ndivyo nilivyoikuta kazi, nami si mtu wa kuvuruga mambo niliyoyakuta. Nililipwa mara nne ya mchumaji kwa sababu nilikuwa nakaa. Hapa kwetu mtu anayekaa huhesabiwa kuwa amesoma, ndiyo maana kwa miaka kumi na saba hakuna aliyeniuliza cheti, wala mimi sikujisumbua kueleza kwamba niliishia darasa la saba.

Wa kwanza kwenye foleni ya mizani kila jioni alikuwa Bi Sekelaga, mjane mwenye mikono mipana na sauti isiyojua kunong'ona. Alikuwa amechuma chai miaka ishirini na miwili.

"Karani," alikuwa akiniuliza, "umande wa leo umetoka wapi? Jua limewaka tangu asubuhi."

"Ni wa jana, mama," nilikuwa nikimjibu, kisha naandika.

Alikuwa na binti mmoja, Tumpe, kidato cha tano katika shule ya bweni mjini. Huyo ndiye aliyekuwa kila kitu chake. Ukimsalimia Bi Sekelaga asubuhi, kabla hajaitikia vizuri atakuwa amekwisha kukwambia, "Mwanangu atakuwa daktari wa moyo. Simaanishi wa kupima presha. Wa kufungua."

*

Mhadhiri aliyeletwa Isyombe aliitwa Dakta Melkiori. Alikuwa na tai tatu na hakuwahi kuuona mchai maishani mwake. Siku ya kwanza alichora ubaoni mti mrefu wenye ngazi, akaeleza namna mchumaji anavyopaswa kupanda bila kuharibu gome.

Bi Sekelaga akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Huko juu tunafuata nini?"

"Chai, mama."

"Mchai wetu unaniishia kiunoni."

Dakta Melkiori alimtazama kwa huruma. "Huo ndio upungufu tunaokuja kuuondoa," akasema, na akaendelea na ngazi. Wanawake waliandika ngazi kwenye madaftari yao, wakaijibu ngazi kwenye mtihani, na wote mia tatu na kumi na wawili wakafaulu, kwa kuwa bajeti ya Wizara haikuwa na kifungu cha kumfelisha mtu.

Mahafali yalifana. Majoho yalikuja matatu, hivyo kila mhitimu alivaa moja kwa muda wa kupigwa picha, akalivua na kumpa mwenzake. Mheshimiwa Waziri alituma hotuba yake ikiwa kwenye kanda. Alitangaza kwamba Jamhuri yetu sasa haina mfanyakazi asiye na shahada, kwamba ni ya kwanza duniani, na kwamba huko ng'ambo wanamtengenezea nishani. Wachuma chai, wafagia barabara, wachimba mitaro na hata askari wa doria walikuwa wamehitimu siku hiyohiyo. Wanawake walipiga vigelegele. Bi Sekelaga aliibusu karatasi yake mara mbili, na nasema kweli, nilifurahi kwa ajili yake.

Mwisho wa mwezi mishahara ilikuja ileile. Meneja wa shamba, Bwana Gwakisa, aliwaeleza kwa upole kwamba tume ilichunguza elimu tu, na elimu imekwisha kupatikana, kwa hiyo tatizo halipo tena. "Shahada huongeza heshima," alisema. "Heshima mmekwisha kuipata. Mnataka mara mbili?"

Nikatoa kilo ya umande, nikaandika.

*

Sasa lazima niwaeleze ada za shule, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nchini mwetu ada hutozwa kwa haki. Mzazi asiyesoma hulipa kidogo, na mzazi mhitimu hulipa mara kumi, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba mhitimu ana pesa.

Alhamisi moja mchana nilimwona Tumpe akipanda barabara ya shamba, godoro lake la bweni kichwani. Nyuma yake walikuwa watoto wa wachumaji wengine, wasichana na wavulana, kila mmoja na godoro lake. Nilihesabu magodoro ishirini na tisa. Bi Sekelaga alikuwa katikati ya mistari ya michai. Alipomwona mwanawe alitupa kikapu chini, majani yakamwagika.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, mama. Umesoma," Tumpe akasema, akampa barua.

Barua ilimpongeza mzazi kwa kutunukiwa shahada. Ilimjulisha kwamba amehamishwa kutoka daraja la ada la wasiosoma kwenda daraja la wahitimu, pamoja na wahandisi wa mafuta. Ilimpa wiki tatu. Asipolipa hadi Ijumaa ya wiki ya tatu, saa sita mchana, nafasi ya mwanafunzi itapewa mtoto mwingine. Ilimalizia kwa kumtakia maisha mema ya kitaaluma.

Bi Sekelaga hakulia pale. Kesho yake asubuhi aliniomba nimpe lifti ya baiskeli hadi ofisi ya wilaya, nami nilikuwa napeleka vitabu vya mizani kugongwa muhuri, nikampakia. Afisa alitukuta kwenye benchi saa tano na nusu, maana alikuwa ametoka chai.

"Nimekuja kurudisha shahada," Bi Sekelaga akasema, akaiweka mezani.

Afisa aliirudisha kwa ncha ya kidole. "Mama, fomu ya kupokea shahada ninayo. Ya kuirudisha haijawahi kuombwa na mtu mwenye akili timamu."

"Basi nilipwe kama mwenye shahada."

"Hilo ni la sekta yako. Sisi ni elimu."

"Na sekta yangu inaniambia ni la elimu."

"Unaona? Mnaelewana," afisa akasema kwa furaha. Ili tuondoke, alimpa kijitabu chenye jalada la kijani. "Hii ni zawadi ya kila mhitimu. Kasome, ujue ulivyo mtu mkubwa."

Kijitabu kiliitwa Sheria ya Staha za Mhitimu. Kilipitishwa Bungeni kwa dakika nne, miaka ile wahitimu walipokuwa wachache na wote ni wabunge. Njiani, akiwa nyuma ya baiskeli, Bi Sekelaga alilia kimyakimya mgongoni mwangu. Nilijifanya sisikii, nikakanyaga pedali.

*

Jioni ile Tumpe aliwasomea wanawake kijitabu chote, ameketi juu ya godoro lake. Mimi nilipita tu kwa bahati, nikasimama mlangoni.

"Kifungu cha saba," alisoma. "Mhitimu hatainama wakati wa kazi, isipokuwa kuokota kalamu yake. Kifungu cha nane. Mhitimu hatabeba kitu kizito kuliko faili. Kifungu cha tisa. Mhitimu atapewa kiti. Kifungu cha kumi. Saa nne mhitimu atakunywa chai, na asisumbuliwe mpaka amalize. Kifungu cha kumi na nne. Mhitimu anayesubiri kupewa haya huhesabiwa yuko kazini na atalipwa."

"Rudia hapo," Bi Sekelaga akasema.

Tumpe akarudia.

"Na anayemwamuru mhitimu kuinama?"

"Jela miaka mitano, mama. Bila faini."

Kisha mwanamke mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, na mimi mlangoni nikajikuta nacheka bila kujua nacheka nini.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi wachumaji walifika shambani wote, wamevaa nguo za kanisani na viatu. Walijipanga kwenye mistari ya michai, wima, mikono nyuma. Meneja Gwakisa alikuja mbio.

"Chumeni!"

"Kifungu cha saba, Bwana Meneja," Bi Sekelaga akamjibu kwa heshima. "Tunasubiri viti. Na hilo neno ulilolisema, tafadhali usilirudie, tusije tukakupoteza miaka mitano."

Saa nne waliulizia chai. Nacheka nikikumbuka sura ya Meneja. Isyombe hatukuwa na hata kijiko kimoja cha chai. Majani yote yalikwenda kiwandani, na kutoka kiwandani yakaenda makao makuu. Wanawake wale walikunywa maji ya moto na sukari, siku ambazo sukari ilipatikana.

Siku zikapita. Majani yakakomaa, yakawa magumu. Mizani yangu ilikosa kazi, nikawa najipima mwenyewe asubuhi na jioni.

*

Wasiojua serikali yetu watashangaa, lakini chai ya saa nne ndiyo nguzo ya utawala wetu. Kabla ya saa nne watumishi huisubiri, na baada yake huizungumza mpaka saa ya chakula. Chai ya nje hairuhusiwi kuingia, kwa kulinda heshima ya majani yetu. Ghala lilipokwisha katika wiki ya tatu, watumishi walipotea kabisa. Baadhi walianza kazi kwa makosa. Ofisi moja ilitoa pasipoti siku hiyohiyo mtu alipoomba, na yule mwombaji akazimia. Baraza la Mawaziri, ambalo hufunguliwa kwa kumimina kikombe cha kwanza, lilikaa siku mbili likitazama birika tupu, halikufunguka.

Jumatano alfajiri, wiki ile ya mwisho ya barua ya ada, Mheshimiwa Profesa Lyambwene alitua Isyombe na magari tisa. Kwanza aliwaamuru askari wake wachume. Askari mmoja alipiga saluti.

"Mheshimiwa, mimi nina Shahada ya Sayansi ya Lango. Uliitangaza wewe mwenyewe."

"Leteni wafagia barabara!"

"Shahada ya Vumbi, Mheshimiwa."

Waziri alizunguka akishika kiuno. Angeweza kusema kwamba shahada zile hazikuwa shahada, lakini nishani ilikuwa tayari imechongwa jina lake. "Nchi nzima," akapiga kelele, "nchi nzima hakuna hata mtu mmoja asiyesoma?"

Meneja Gwakisa, ambaye faili langu lisilo na cheti lilikuwa kabatini mwake, alikohoa. Kisha akanitazama mimi.

Nilijaribu kukaa zaidi kwenye kiti, haikusaidia. Mimi niliachwa nje ya mafunzo kwa sababu nilikuwa nakaa, na kumbe katika Jamhuri nzima ndimi mjinga pekee niliyebaki. Nilifungwa kikapu mgongoni mbele ya wanawake mia tatu na kumi na wawili, na hapakuwa na aliyefumba macho.

Nilichuma tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Saa ya kwanza niliona ni mchezo. Saa ya tatu vidole vilitoka damu. Saa ya tano kiuno kiligoma kunyooka, nikawa natembea nimekunjika, na nikaona kwa nini wanawake wa Isyombe wakiwa wamekaa hushika mgongo kwa mkono mmoja. Niliwaona wakishika hivyo kwa miaka kumi na saba. Nilidhani ni mazoea.

Meneja aliketi kwenye kiti changu akapima. Kilo tisa. Akatoa mbili za kikapu. Akatoa moja.

"Hiyo ni ya nini?" nikauliza.

"Umande."

"Umande wa wapi? Ni saa tisa!"

"Wa jana," akasema, akaandika.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Natamani ningesema niliona hasira kwanza, lakini ilikuwa aibu. Nilipiga hesabu ya kilo moja kwa kila mwanamke kwa kila siku kwa miaka kumi na saba, nikashindwa kuimaliza. Hasira ilikuja baadaye kidogo, ikanikuta nimekwisha kusimama.

"Bwana Meneja," nikasema, "hizo kilo tatu ulizozitoa, zimeingia kwenye kitabu?"

"Haziingii. Unajua mwenyewe."

"Basi si za Serikali." Nikazichota kilo tatu za majani yangu, nikawapelekea wanawake. Kisha Bi Sekelaga akatandika mkeka, wakayaanika yanyauke, usiku ukapita, na kesho yake wakayasokota kwa viganja na kuyakausha juu ya sufuria. Ilikuwa chai ya kwanza kutengenezwa Isyombe kwa ajili ya Isyombe.

*

Alhamisi hiyo jioni Waziri alimwita Bi Sekelaga kwenye baraza ya Meneja. Tumpe alikuwepo, na mimi nilikuwepo, nimeegemea nguzo kwa ajili ya kiuno.

"Mama," Waziri akasema kwa sauti ya asali, "nasikia binti yako ana akili. Kesho saa sita nafasi yake inaondoka. Mimi nitampeleka shule kwa gari langu. Atasoma bure mpaka atakapokuwa hicho anachotaka. Udaktari, sivyo? Yeye peke yake, usiwaambie wenzako. Wewe waambie tu wainame."

Bi Sekelaga alimgeukia mwanawe. Nilimwombea kimoyomoyo akubali, nasema ukweli wangu. Mtoto ni mtoto.

"Umemsikia," alimwambia Tumpe.

"Nimemsikia, mama."

"Ukikosa kesho, umekosa kabisa."

"Najua." Tumpe akasogea karibu na mama yake. "Lakini magodoro ni ishirini na tisa. Nikipita nalo langu peke yangu, nitapitaje mbele yao?"

Bi Sekelaga akarudi kwa Waziri. "Mheshimiwa, huyu anataka shule kuliko mimi ninavyotaka kupumua. Ukimkosesha, nitakuchukia mpaka kaburini, na nakwambia mapema ili usishangae. Lakini bei yako ni wenzangu, na wenzangu siwauzi. Andika watoto wote, kwa ada ya zamani. Andika mshahara wa wahitimu kwa wachumaji wote. Na umande ufutwe. Ndipo tutainama."

Uso wa Waziri ulibadilika. "Wewe mwanamke! Unajua unaongea na nani?"

"Najua," Bi Sekelaga akasema. "Na mhitimu mwenzangu."

*

Ijumaa, saa nne kamili, simu ya redio kwenye gari la Waziri ililia. Tulisikia tu upande wake: ndiyo Mheshimiwa Rais, hapana Mheshimiwa Rais, leo Mheshimiwa Rais. Aliandika kitu haraka kwenye karatasi juu ya boneti, akaja mbio hadi kwenye banda la mizani, ambamo wanawake walikuwa wamekaa chini, mezani, na juu ya vikapu vilivyopinduliwa, kila mmoja na kikombe. Nilikuwa mlangoni.

"Nipishe. Nimeshaandika. Bi Sekelaga aje asome," Waziri akaniambia.

"Mheshimiwa, wahitimu wako chai," nikamwambia.

"Mpaka saa ngapi?"

"Sijui, Mheshimiwa. Kifungu cha kumi. Kaa kwenye benchi, utaitwa."

Akakaa. Ndani walikunywa taratibu, na hakuna aliyepuliza kikombe chake kwa haraka. Saa nne na nusu Tumpe aliipokea karatasi, akaisoma kwa sauti mara mbili, akairudisha kwa sababu umande haukutajwa. Waziri akautaja. Akarudishiwa tena kwa sababu aliandika "baadhi ya watoto". Akafuta "baadhi". Saa tano kamili aliweka saini, Bi Sekelaga akaweka yake, na ndipo alipokaa chini akajifunika uso kwa kanga.

Ilibaki saa moja, na mjini ni mwendo wa dakika hamsini. Askari wenye Shahada ya Lango walifunga magodoro ishirini na tisa juu ya magari tisa kwa kamba za vikapu. Watoto wakaingia watatu watatu, wengine wanne. Tumpe alipanda gari la mbele, kwenye kiti cha Mheshimiwa, na mama yake akagonga kioo, akamwambia afungue mdomo, akamwekea kipande cha mhogo. Magari yakaondoka yakipiga honi.

Waziri alibaki uwanjani na vumbi lake. Aliyatazama magari mpaka yakapinda, kisha akaja kwangu akaniuliza yeye atarudi na nini makao makuu.

Nikamwonyesha benchi.